Mikono Miwili ya Kushoto

Kila nitokapo shuleni hupitia kibandani kwa baba kufagia vipande vya nyuzi. Baba ni fundi cherehani. Tangu alipoanguka na pikipiki akaumia ubongo, vidole vyake bado vinajua kushona, lakini mpangilio wa kazi humponyoka. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimshauri aandike kila hatua katika daftari dogo, alivae shingoni, na alisome kabla ya kushika mkasi.

Daftari hilo lilinitia haya. Msichana ninayeketi naye darasani aliwahi kuniuliza mbele ya wenzetu, "Fundi wenu ameanza chekechea?" Wote walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Siku msichana huyo alipokuja na mama yake kupimwa shati la sare, nilitangulia kulificha daftari mkobani mwangu, baba alipolivua ili anawe uso. Wageni walipoondoka alilitafuta, akaniuliza. Nilimjibu kwamba sijaliona. Basi akakata kwa kubahatisha, akasahau kugeuza kiolezo, ile karatasi ya kupimia mkono, alipokata wa pili, na mikono yote miwili ya shati ikatoka ya kushoto.

Alipoilinganisha na mabega, aliiweka mezani. Kisha akamwomba shangazi, anayeshona naye, atafute mtu wa kuinunua cherehani.

"Nimekwisha, dada," alisema. "Hata daftari sijui nimelitupa wapi."

Uso uliniwaka. Nilifungua mkoba, nikalitoa daftari. "Baba, nililificha mimi. Niliona haya wenzangu wakuone nalo."

Nilingoja anikaripie. Yeye alilitazama tu, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo sikulipoteza?"

Ahueni iliyokuwa katika sauti yake iliniuma kuliko fimbo.

Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono mmoja. Baba alisoma hatua zake kwa sauti, akageuza kiolezo, akakata. Jioni hiyo nilikwenda kwa mama wa yule msichana kueleza kwa nini shati limechelewa. Nilisema yote, mwanawe akisikiliza.

Niliporudi, shangazi aliniketisha kando yake.

"Mwanangu, mguu ukivunjika watu hukupisha njia, kwa kuwa wanauona. Ubongo ukiumia hawaoni kitu, ndiyo maana hucheka. Baba yako anajifunza upya kazi aliyonifundisha mimi, tena mbele ya wateja. Hiyo si aibu. Aibu ni kumwacha aamini kwamba kosa lako ni ugonjwa wake."