Tundu Lililofunikwa Gunia

Ndugu zangu mnaolima, na ninyi msio na shamba lakini mna watoto, nitegeeni sikio. Habari hii ni ya nyumba moja ya kijiji chetu, nyumba isiyokuwa na ulevi wala ugomvi.

Jua lilipopunguza ukali, Kausalya alikuwa akipiga mikate ya mtama kwa viganja karibu na jiko la kuni. Binti yake Shevanta, mwenye miaka mitano, alimwibia vijidonge vya unga akawapikia wanasesere wake wa udongo. Mume wa Kausalya, Pandhari, aliwanywesha maksai wao wawili kwenye kisima cha zamani. Maji yalikuwa haba, lakini yalitosha kwa mtama na dengu, na hapakuwa na aliyelala njaa.

Kisha jirani yao Bhanudas akachimba kisima kirefu kwa mashine, akapanda miwa. Miwa ile ilipopita kimo cha mtu, Pandhari aliacha kuutazama mtama wake.

"Jirani," Bhanudas alimtania ng'ambo ya ua, "huo mtama unaulima, au unawafugia ndege?"

Pandhari alicheka, lakini mzaha ule ulimwingia kama mwiba. Kabla mwezi haujaisha, maksai walikuwa wameuzwa.

Akaletwa mtafuta maji, mwenye kutembea shambani na nazi kiganjani. Nazi ikisimama wima yenyewe, hapo ndipo huchimbwa. Ilisimama bondeni, karibu na njia ya kwenda nyumbani. Mashine ikanguruma, ikashuka futi mia tano, ikatoa vumbi jeupe tu. Nazi ikasimama tena penye mwarobaini. Huko nako vumbi. Kila walipohama, Pandhari aliagiza bomba la chuma lililoshika mdomo wa tundu ling'olewe, likatumike kwenye tundu jipya.

"Baba Shevanta," Kausalya alisema, "lile tundu la kwanza mmeliacha wazi."

"Litazibwa."

"Lini?"

"Tukipata maji. Kwani litakimbia?"

Mafundi wakaangua kicheko.

"Tundu halikimbii. Anayekimbia ni mtoto."

"Mama Shevanta, upana wake hauzidi sahani! Ataingia nani humo, panya?"

Kausalya hakutaka kubishana na mumewe mbele ya wageni. Alichukua gunia kuukuu, akalitandaza juu ya lile tundu la bondeni, akalikandamiza kwa mawe manne. Moyo wake ukatulia. Siku zikapita, vumbi likalijaa gunia, nyasi zikaanguka juu yake, likafanana na ardhi. Nawaomba mlitafakari hilo: gunia lilificha tundu, halikuliziba.

Mara ya tatu walichimba juu mlimani. Asubuhi ile ardhi ilitetemeka, na maji yakaruka juu kuliko paa la nyumba! Watu walikuja mbio. Bhanudas mwenyewe alipasua nazi kwa shukrani, akapaka manjano kwenye bomba, lile lile lililong'olewa bondeni. Pandhari alilia hadharani.

"Sasa nani anafuga ndege?" alimuuliza jirani yake.

"Mimi, bwana wee! Nimeshindwa, nipe na mimi nioge!"

Kausalya, nguo zimemlowa, alimgeukia mwanawe. "Kimbia nyumbani, mama, ulete chombo cha shaba. Tuchote maji ya kwanza tumtolee Mungu."

Shevanta alikata njia ya mkato kuelekea bondeni. Maji nayo yaliteremka nyuma yake, yakifuata mfereji wa jembe.

Mtoto alikawia. Kausalya alidhani anacheza, kisha akajiambia kwamba labda hakifikii chombo rafuni. Alianza kushuka polepole, kisha akakimbia. Penye gunia aliona mawe matatu tu. Gunia halikuwapo. Maji ya mfereji yalikuwa yamebakiza hatua mbili kufika.

"Zimeni! Zimeni mashine!"

Mngurumo uliifunika sauti yake. Watu waliomwona akirusha mikono walidhani anashangilia, nao wakampungia. Basi Kausalya akajilaza mferejini, akayazuia maji kwa kiwiliwili chake, mdomo wake ukiwa karibu na tundu.

"Shevanta!"

Sauti ilitoka chini, nyembamba. "Mama, usinigombeze. Sijaleta chombo."

"Sikugombezi, mwanangu. Usisogee."

Bhanudas ndiye aliyeng'amua kwanza. Alimsukuma fundi, akaizima mashine. Pandhari alishuka akianguka na kuinuka, akavua kilemba chake akakigandamiza matopeni, akaparuza udongo kwa kucha hadi vidole vikatoka damu. Yeye aliyeyatafuta maji mwaka mzima, sasa aliyasihi yasije.

Watu wa serikali walifika na mashine kubwa, wakachimba shimo la pili kandokando ya tundu. Walikuta mwamba. Kausalya hakuondoka. Alizungumza na mtoto, akimtajia wanasesere wake mmoja mmoja, na mtoto akaitikia hadi alasiri. Baadaye mama akazungumza peke yake.

Siku ya pili, adhuhuri, walimpandisha. Alikuwa amekwisha kufa.

Matope yalikuwa yamemganda usoni, na Kausalya akaomba maji. Kisima cha zamani kilikuwa kimekauka, hivyo wakamletea ya kisima kipya. Hayo ndiyo maji ya kwanza yaliyochotwa pale, na alimwoshea mwanawe.

FUNZO

Ndugu zangu, umaskini haukumwua Shevanta. Nyumba yao ilikuwa na chakula. Kilichomwua ni baba aliyetazama shamba la jirani hata asione lililo miguuni pake, na mama aliyeona hatari akaifunika kwa gunia ili moyo wake utulie. Juma lile tulizunguka kijiji tukahesabu matundu kumi na moja yaliyo wazi, na kila moja lilikuwa na mwenyewe aliyesema, "Litazibwa."

Anayechimba na azibe siku ile ile, kwa mawe na udongo, kabla mashine haijaondoka. Nawe mama, ukiona jambo litakalomdhuru mtoto, sema mbele ya mume, sema mbele ya wageni, na ukichekwa useme tena. Aibu ya kuchekwa hupita. Kausalya hakupita tena njia ile ya bondeni.