Nilimwona Warda Wangu Ndani ya Gemu

Nilimwona binti yangu karibu uchi, na wanaume sita wanamwangalia...

Nilikuwa nimekwenda kwa Jaafar, hapa Waa, kuchaji simu. Ana banda la gemu, vijana hushinda hapo. Sikuwahi kuangalia wanachocheza.

Siku hiyo nikainua macho.

Warda.

Uso wake, macho yake, hata kile kidoti chini ya mdomo. Kavaa vitambaa viwili, kila kimoja upana wa kiganja, kashika upanga. Wanaume wa gemu hiyo hiyo wamevaa chuma mpaka shingoni! Yeye akikimbia, picha inashuka nyuma yake polepole, makusudi.

"Huyu dada akipigana, unasahau kujikinga," mmoja akasema. Wakacheka.

Jaafar akaniona, akazima. Hakunitazama usoni.

Lakini wenzangu, kilichonichoma zaidi ni ile miguu. Ilichorwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kutoka vidoleni hadi mapajani.

Kazi yangu ni kuchora piko maharusini. Kwetu, msichana ambaye hajaolewa huchorwa mikono tu. Miguu ni ya bibi harusi, na wa kuiona ni mumewe. Warda ana miaka ishirini na mitatu, hajaolewa. Sasa huyu kachorwa na nani?

Nyumbani akaniamkia, sikuitikia.

"Ulimvulia nani nguo?"

Akanyamaza.

"Warda, nakuuliza."

"Mama, naomba usiniulize hilo."

Nikaona basi, amekiri. Nikamwambia afungashe nguo zake aondoke. Akaenda Kikoneni kwa shangazi yake, Mwanapili.

Nyumba ikawa kimya... Nikipika, nachota unga wa watu wawili, nakumbuka, narudisha. Redio nikawa naiacha wazi ili kuwe na mtu anayezungumza. Majirani walishasikia, hakuna aliyekuja kukaa nami.

Wiki ya nne nikaitwa Msambweni kumchora bibi harusi. Nimefika gotini, naanza ua langu, lile la petali saba na mkia unaozunguka kushoto.

Mkono ukasimama.

Ndilo lile la kwenye gemu.

Ua hilo sijamfundisha mtu, hata Warda. Mara moja tu niliwachorea wageni kwenye karatasi. Mwaka juzi walikuja vijana wawili, nilishawasahau kabisa, mmoja akiitwa Elijah, wakisema wanatengeneza gemu ya kuonyesha urembo wa wanawake wa Pwani. Wakaomba na uso wa msichana. Nikamwita Warda, akakaa kitini na buibui lake, wakamzungushia simu kichwani, wakimpiga picha kila upande.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu. Mimi niliishia darasa la saba. Warda alitaka aisome kwanza, nikamkemea asiwacheleweshe wageni. Nikatia saini, naye nikamlazimisha atie yake.

Ule mwili si wa mtu yeyote! Waliuunda wao, wakaubandika kichwa cha mwanangu, wakaupamba kwa ua langu.

Nikaenda Kikoneni. Warda akanipokea vizuri, akaniletea chai kwa kikombe cha wageni. Hapo nikaumia.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Ramadhani. Rafiki yangu alinionyesha."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungejua ni ile saini, Mama. Nikaona afadhali unikasirikie mimi."

Nilishindwa kuinywa ile chai.

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, nami namwamini. Nikamwomba turudi nyumbani, akakataa. Akasema Waa, mwanamume akimtazama, hajui anamtazama yeye au yule wa kwenye gemu.

Elijah nimempigia, nambari haipatikani.

Kina mama, kaeni siku moja mtazame wanachocheza vijana wenu. Muwaulize kwa nini wanawake wa humo ndio wasio na nguo. Fomu usiyoielewa, mwache mtoto aisome, mgeni asubiri. Na ukimuuliza mwanao akanyamaza, usikimbilie kumhukumu. Muulize tena, kwa sauti ya chini.

Leo Warda amepiga simu. Tumezungumza dakika mbili, habari za mvua. Kisha akasema anaitwa na shangazi yake.

Sikusikia mtu akimwita.