Homa Waliyoificha

Alhamisi kabla ya Pasaka, nyumba nzima ya Tudora ilinuka siki. Siku hiyo mayai hutiwa rangi nyekundu, na bila siki rangi haishiki kwenye ganda. Tudora alikuwa na mayai arobaini kwenye sufuria, na bado alikuwa hajaanza kukanda mikate ya sikukuu. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa anaimba.

Alikuwa na sababu ya kuimba. Binti yake Silvia alikuwa njiani kutoka Italia, ambako alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga Moldova. Basi lake lingefika Jumamosi mchana.

Nichifor, mume wa Tudora, alikuwa amekaa karibu na jiko, amejifunika blanketi. Alikuwa fundi wa mapipa ya mvinyo, mtu wa mikono minene na maneno mengi. Tangu majira ya baridi alikuwa na saratani ya tezi. Kila baada ya wiki tatu alikwenda hospitali mjini Kishinau kutiwa dawa kwa dripu. Dripu ya tatu ilikuwa siku tisa zilizopita. Nywele zilikuwa zimekwisha, hata masharubu yake aliyoyapenda yalikuwa yamekwisha. Alimtania mkewe kwamba sasa amepata bwana mpya, tena bila hata kuposwa.

Lakini asubuhi hiyo hakutania. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Tudora akampa kipimajoto. Kikasoma nyuzi thelathini na nane na nusu.

Wote wawili walijua maana yake. Daktari alikuwa amewaambia mara mbili, na akawaandikia kwenye kadi. Homa ikifika thelathini na nane, pigeni simu. Njooni saa ileile, iwe mchana, iwe usiku, iwe sikukuu. Msimpe kidonge cha kushusha homa kabla ya kuzungumza nasi. Nichifor aliitia kadi ile kwenye mfuko wa koti, na koti likabaki limetundikwa nyuma ya mlango.

"Nipige simu, baba Silvia?" Tudora akauliza.

"Ukipiga simu, watanilaza," alisema Nichifor. "Mtoto atoke Italia aje kuniona kwenye shuka la hospitali? Hapana. Nisugue siki, mama Silvia. Nipe na kidonge. Jumatatu nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu."

Tudora alisitasita. Akatazama koti, akamtazama mumewe. Mume alikuwa na macho ya kuomba, naye hakuwa amezoea kumwona akiomba. Basi akachukua siki ileile ya mayai, akaichanganya na maji, akamsugua kifua, mgongo na nyayo. Hata yeye mama yake alimsugua hivyo alipokuwa mtoto. Pale kijijini hakuna asiyesuguliwa siki. Akampa na kidonge. Baada ya saa moja homa ilishuka, na Nichifor akaomba chai.

Saa tano hivi aliingia Agripina, nesi wa kijiji. Alikuwa akipita kwao kila Jumatatu na Alhamisi. Akampima Nichifor. Kipimajoto kikasoma thelathini na sita nukta tisa. Akauliza kama homa ilipanda jana au leo. Akauliza kama amemeza kidonge chochote.

Nichifor akasema yeye ni mzima kama pipa jipya.

Nesi akageuka kumtazama Tudora. Tudora alikuwa ameshika yai mkononi. Ulimi ulitaka kusema, lakini alimwona mumewe akimtazama kutoka kwenye blanketi.

"Yuko sawa," akasema.

Lo, maneno mawili tu. Nesi alinusa siki, akacheka, akasema yeye hata yai moja hajatia rangi. Tudora akampa mayai mawili. Nesi akaenda zake, hana hili wala lile.

Jioni Nichifor alikula vijiko viwili vya supu, akalala. Ijumaa asubuhi aliamka akauliza mama yake yuko wapi. Mama yake alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. Tudora akadhani anaota. Akampima. Thelathini na tano nukta nane. Akashukuru Mungu kwamba homa imekwisha, maskini. Hakujua kwamba mwili ukizidiwa na vijidudu huweza kupoa badala ya kuwaka. Mikono ya Nichifor ilikuwa ya baridi. Alikuwa anahema haraka haraka, na tangu jana mchana hakuwa amekwenda haja ndogo. Dalili zote zilikuwa pale mbele ya Tudora, naye alikuwa akitazama kipimajoto.

Mpaka saa sita midomo ikawa ya buluu. Ndipo akampigia nesi. Agripina alikuja mbio, hata aproni ya jikoni hakuivua. Alimshika Nichifor mkono mara moja tu, akaita gari la wagonjwa. Halafu akauliza homa ilianza lini.

"Jana asubuhi," akasema Tudora.

"Jana nilikuwa hapa," alisema nesi.

Gari lilifika, likamchukua. Hospitalini walimpa dawa, maji na hewa, walihangaika naye usiku kucha. Jumamosi asubuhi, saa mbili na robo, Nichifor akafa. Basi la Silvia lilifika saa saba.

Walimzika Jumatatu. Silvia alimuuliza mama yake kila kitu kilivyokwenda, na safari hii Tudora hakuficha. Alieleza homa, siki, kidonge, na maneno yale mawili. Silvia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaondoka kwenda uani, akakaa kwenye mapipa ya baba yake. Wiki iliyofuata alirudi Italia. Tangu hapo alipiga simu kila Jumapili. Aliuliza kama kuni zipo. Aliuliza kama paa linavuja. Akisha kujibiwa, aliaga. Alikuwa binti mwenye adabu, na adabu ile ilimchoma Tudora kuliko matusi.

Baada ya siku arobaini, nesi Agripina alikuja kukaa naye. Walikunywa chai. Nesi ndiye aliyeanza. Alisema hata yeye hajajisamehe. Alinusa siki akaona ni ya mayai tu. Angeuliza mara ya pili, angemshika mgonjwa mgongo, angeukuta umelowa.

Tudora akamwomba amweleze vizuri, maana mpaka leo hakuelewa. Homa tu, ya siku moja, inawezaje kuua mwanamume mzima?

Nesi akamweleza polepole. Alisema damu ina chembe nyeupe, na kazi yake ni kupigana na vijidudu. Dawa ya saratani huua saratani, lakini haichagui, huua na chembe hizo. Kuanzia kama siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu, huwa zimebaki chache mno. Kijidudu kidogo kikiingia kwenye damu hakikuti wa kukizuia.

"Mimi na wewe tukiugua, mwili unaonyesha," alisema Agripina. "Utaona uvimbe, usaha, kikohozi. Nichifor hakuwa na chembe za kufanya hayo. Alikuwa na homa peke yake. Mkaizima, na vijidudu vikaendelea na kazi."

"Na kule hospitali wangefanya nini ambacho mimi siwezi?"

Nesi alisema wangemtoa damu waitazame ina vijidudu gani. Lakini majibu huchukua siku mbili au tatu, na mgonjwa wa namna hiyo hana siku mbili. Kwa hiyo hawasubiri. Ndani ya saa moja huanza kumtia dawa kali ya kuua vijidudu, moja kwa moja mshipani. Majibu yakija, hubadilisha dawa kama inafaa. Akaongeza kwamba si wagonjwa wa saratani peke yao. Aliyewekewa figo ya mtu mwingine, anayetumia vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, hata mzee sana, wote hao wanaweza kuugua vibaya na homa isionekane. Basi mtu atazame na mengine: kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuhema mbio, mkojo kupungua. Ukiona moja tu kati ya hayo, piga simu.

Tudora alikuwa akisokota ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Ningepiga simu Alhamisi," akasema, "angepona?"

Nesi aliweka kikombe chini. "Siwezi kukuapia. Lakini wengi wanaowahi hupona."

Siku hiyo Tudora alilia kwa sauti, na Agripina akalia naye.

Tangu hapo nesi alibadilisha namna yake ya kuuliza. Haulizi tena kama mgonjwa yuko sawa. Anauliza, tangu jana amemeza nini, amesuguliwa nini, saa ngapi. Anataka joto liandikwe kwenye daftari asubuhi na jioni. Na kila Jumatano, siku ya zahanati, Tudora huja kukaa na wake wa wagonjwa na kuwasimulia kosa lake. Mara ya kwanza alisimulia akitazama sakafu kwa aibu. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba yeye asingefanya upuuzi kama ule. Tudora akamjibu kwamba anamwombea iwe hivyo.

Mwaka uliofuata, Oktoba, zamu ilimfika wifi yake. Zinovia, dada wa Nichifor, aliishi ng'ambo ya barabara. Alikuwa na saratani ya titi. Alikuwa na kichwa kigumu kama kaka yake, na ulimi mkali kumshinda. Zabibu zilikuwa zimeiva, na Zinovia alikuwa hana mtu wa kumsaidia. Siku ya nane baada ya dripu, Tudora alimkuta uani anaosha mapipa. Jua lilikuwa kali, na Zinovia alikuwa anatetemeka.

Alisema ni upepo. Tudora akamletea kipimajoto, akasimama palepale. Thelathini na nane nukta tatu.

Zinovia akasema atakwenda hospitali kesho, zabibu zikishakamuliwa. Leo ampe kidonge tu.

"Kidonge sikupi," alisema Tudora. "Napiga simu."

"Unaniamuru mimi, kwenye ua wangu?"

"Nakuamuru."

Zinovia akamtazama kwa hasira. "Kaka yangu hukumwamuru."

Tudora alitia kipimajoto mfukoni. Akashika ukingo wa pipa.

"Sikumwamuru," akasema. "Nilimwogopa asikasirike. Wewe kasirika, wifi. Kasirika unavyotaka, lakini koti uvae."

Zinovia alisonya. Alikaa juu ya kreti, na Tudora akapiga simu hospitali. Safari hii alisema yote bila kuulizwa mara mbili: homa ngapi, imeanza saa ngapi, dripu ilikuwa lini, hajameza kidonge, hajasuguliwa kitu. Jirani mwenye gari aliacha zabibu zake akawapeleka. Saa moja na nusu baadaye Zinovia alikuwa kitandani hospitalini, ametolewa damu mikono yote miwili, na dawa inaingia. Waliomshika walinawa mikono kwanza. Tudora alikuwa ameanza kupata mafua, kwa hiyo akakaa nje ya chumba, hakusubiri kuambiwa.

Siku ya tatu majibu yakaja. Damu ilikuwa na vijidudu. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alitoka kumtafuta kwenye benchi la ukumbini.

"Homa ya wifi yako inashuka," alisema. "Mmewahi."

Tudora alishukuru. Neno hilo alilingoja tangu Pasaka ya mwaka uliopita, na sasa limekuja kwa mtu mwingine. Alifurahi, kweli alifurahi. Na moyo ulimuuma vilevile.

Zinovia alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Majirani walikuwa wamemkamulia nusu ya zabibu, nusu nyingine ililiwa na ndege, naye aliwasema ndege hao wiki nzima.

Jumapili Silvia alipiga simu. Tudora akamweleza habari za shangazi yake toka mwanzo. Silvia akamuuliza kama aliwaambia madaktari kila kitu.

"Kila kitu," alisema Tudora. "Laiti ningekuwa na mdomo huu ile Alhamisi, mwanangu."

Akavuta kiti karibu na jiko, akakaa. Alisubiri swali la kuni, na la paa.

"Mama," alisema Silvia, "umekula?"