Sura ya Justa Uwanjani

Hivi wewe, ungeiona sura yako usoni mwa mwanamume anayerukaruka uwanjani, na watu wanacheka, ungebaki umesimama?

Justa hakubaki. Alikimbia hadi kwao, kanga imemdondoka njiani. Ilikuwa kijijini Tingi, miaka ile ya ruksa, mitumba ndiyo kwanza inajaa, siku vijana wa Kimakonde walipotoka jandoni. Kinyago alichovaa Damiani, mchezaji mwenyewe, kilikuwa na mwanya wa Justa, chale zake za shavuni, na lile jicho la kushoto linalosinzia. Damiani, kwa utundu wake, akawa anakiinamisha kama linakonyeza watu. Uwanja mzima mbavu hawana!

Kila mtu alijua mchongaji ni Klementi. Ila mbele ya wanawake kinyago hakina mchongaji. Ni mzimu umetoka porini. Mwanamume akisema vingine, ngomani harudi.

Asubuhi Justa alikuwa juu ya lori la korosho, anahamia Lindi kwa shangazi yake. Klementi akaja mbio, vumbi la mpingo bado limemganda nyweleni.

— Shikamoo, mama.

— Usiniamkie! Apolonia, mama yake Justa, akamkata. Umeshamchonga, sasa umekuja kumpiga msasa?

Watu wakacheka tena.

— Justa, shuka tuongee.

— Ongea hapo hapo. Jicho langu limekukosea nini?

Klementi akamtazama mzee Likwata, mkuu wa ngoma, aliyesimama kati ya watu.

— Unaona? Jana kutwa nimekungoja uje useme neno. Dereva, twende!

Lori likanguruma. Klementi akaning'inia kwenye ubao wa nyuma.

— Nilichonga mimi!

— We Klementi! Likwata akafoka. Kuna wanawake hapa!

— Nilichonga mimi, mzee, kwa mikono hii! Nikaanza na jicho hilo hilo. Kila nikiliona, naona kama limeamka sasa hivi, natamani niwe wa kwanza kulisalimia. Nilidhani na wao wataliona hivyo. Wakaona kichekesho.

— Ngomani usikanyage tena.

— Sikanyagi.

Justa alikuwa analia, kamasi anafutia mkono.

— Sasa mimi ningejuaje, Klementi? Gogo halisemi, na wewe husemi. Ulikuwa unataka nini?

Dereva akazima injini, na yeye asikie.

— Nilitaka nikuoe, Justa.