Jozi Isiyo na Sumaku

Shwaa. Shwaa. Shwaa. Randa ya Babu Tokuji ilianza kazi kabla jua halijagusa dirisha, na Natsuho akajua kumekucha. Karakana ya useremala ya babu ilikuwa chini ya chumba chake, huko Tsurumi, Yokohama. Kama kawaida, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikunja godoro, akanawa uso, akashuka kunywa supu pamoja na mama.

Lakini leo aliiacha supu ipoe. Likizo ya kiangazi ilibakiza siku moja tu, na ule utafiti ambao kila mwanafunzi hujichagulia mwenyewe ulikuwa umemshinda.

Alikuwa amechagua kazi ya mama yake, mtaalamu wa maabara. Siku ya kufunga shule alipolitangaza hilo darasani, Gaku, jirani yake wa dawati, aliangua kicheko. "Eti herufi za DNA ambazo hazipo duniani! Mama yako anapika uongo, wewe unapakua!" Darasa zima likacheka. Tangu hapo Natsuho alitaka jambo moja tu: kumlindia mama yake heshima.

"Mama, nieleze tena," alisema sasa.

Mama akaweka bakuli chini. "DNA ni kama ngazi ndefu iliyomo ndani ya kila kiumbe. Vipago vyake ni herufi nne, mbili mbili. A hushikana na T, na G hushikana na C, kana kwamba zina mikono. Sisi tumebuni herufi mbili nyingine, jozi ya tatu."

"Na hizo zenu hazina mikono."

"Hazina. Umbo la moja linaingiana na umbo la nyingine, basi. Tena zote mbili hazipendi maji, kwa hiyo hujificha pamoja."

"Zinashikana bila kushikana?"

"Ndiyo hivyo."

"Mama, mbona unanichanganya!"

Mama akacheka, akavaa viatu mlangoni, akaenda kazini.

Natsuho akarudi kwenye ngazi ya DNA aliyokuwa akiitengeneza kwa boksi gumu. Herufi nne za kawaida alikuwa amezitia sumaku ndogo, nazo zilinasana vizuri. Herufi mbili za mama hazikuwa na sumaku. Alizikata kwa makasi, akaziunganisha, zikaanguka. Akakata nyingine, nazo zikaanguka. Akaanza kushuku kwamba labda Gaku alisema kweli. Nyenje walipiga kelele nje, na kichwa chake nacho kikapiga kelele. Ilipofika jioni alichukua chupa ya gundi, akabandika. Kisha akaandika katika daftari lake la utafiti: *Jozi mpya imeshikana yenyewe kwa umbo lake.*

Kesho yake darasani, ngazi ilisimama imara. Hata Gaku alinyoosha shingo aitazame. Mwalimu Hirose akasogea, macho yakimng'aa.

"Vizuri sana, Natsuho. Lakini chembe hai ikitaka kunakili DNA yake, ngazi hii hufunguka katikati. Hebu tufungulie."

Natsuho akavuta. Sumaku zikaachana moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, hadi kwenye jozi ya mama. Pale ngazi ikagoma. Akavuta kwa nguvu, boksi likachanika krraa, na uzi wa gundi ukaning'inia mbele ya watu wote.

"Gundi!" Gaku akapiga meza. "Mtaalamu wa gundi huyo!"

Uso ukamwaka Natsuho. "Hata maabarani kwa mama wanatumia gundi!" akaropoka.

Maneno yakishatoka hayarudi kinywani. Gaku akatikisa kichwa, akasema polepole, "Kumbe nilisema kweli. Uongo wa mama yako."

Natsuho alifika nyumbani miguu ikimuuma kama aliyepanda mlima. Mama alikuwa ametoka kazini mapema, yupo karakanani akimpelekea babu chai baridi ya shayiri. Natsuho akaeleza yote, gundi, daftari na lile neno la mwisho. Kisha akauliza kwa hasira na machozi, "Lakini mama, herufi zako si za kutengenezwa? Nazo hazimo duniani! Kwa nini zako ni elimu, na gundi yangu ni uongo? Sielewi!"

Mama alitoa mkobani daftari lake la kazi, akalifungua. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa wino, palikuwa na neno lile lile: *Imeshindwa. Imeshindwa. Haikunakiliwa. Imeshindwa.*

"Hizi zote ni zako?"

"Zangu na za wenzangu. Kubuni si kudanganya, mwanangu. Anayebuni husema: hiki nimekitengeneza mimi, na hapa kilinishinda. Anayedanganya hufunika pale palipomshinda."

Babu akasukuma mbele vipande viwili vya mti vilivyounganishwa pembeni. "Vuta."

Natsuho akavuta, havikuachana. Hapakuwa na msumari wala gundi. Babu akainamisha kimoja kidogo, akakitelezesha, vikafunguka kama mlango.

"Ulikata kwa makasi, kwa haraka?" babu akauliza. "Umbo halisamehe, mjukuu wangu. Unywele mmoja ukizidi, kiungo kinakataa. Leta penseli."

Wakazichora upya herufi mbili za mama kwenye mti, wakapima, wakakata kwa msumeno mdogo, wakasugua. Kipande cha kwanza kilikataa, na Natsuho akaandika: *Kimeshindwa.* Cha pili kikakataa, akaandika. Cha tano kilipoingia kwa mwenzake, kilitoa mlio mdogo, tk, kikatulia. Akakigeuza juu chini. Hakikuanguka. Akakitelezesha, kikafunguka bila kuchanika.

Bado hakuelewa kila kitu. Mambo ya kuchukia maji yalikuwa bado ukungu kichwani. Lakini mikono yake ilikuwa imeelewa.

Alilivuta daftari lake la utafiti, akaufungua ukurasa wa uongo, akamtazama mama yake machoni.

"Mama, kesho nitaanza na ukurasa huu. Nitamwambia mwalimu na darasa zima kwamba gundi ilikuwa yangu, si yako. Gaku na acheke mpaka aanguke kitini. Nitasema, mama. Nakuahidi."