Beringi ya Nane

Baiskeli ya milima ndiyo iliyowakutanisha, stendi ya Masasi, siku Yasmini alipogombana na utingo aliyeitupa chini toka juu ya basi la Newala.

"Dada, haijavunjika. Beringi za fremu ndizo zinazolia," alisema kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali.

"Nani kakuuliza?"

Huyo ndiye Tahiri, mwalimu wa hesabu. Miezi minane baadaye, Yasmini alikuwa haambiwi wala hasikii juu yake.

Leo, saa nane mchana, aliingia uani kwa Tahiri na dera lake jekundu, kanuna.

"Nipe baiskeli yangu!"

Ilikuwa mezani, vipande vipande. Beringi saba mpya zilishaingia. Ya nane ilibanwa kwa bolti ndefu, washa na soketi ili isukumwe ndani ya fremu, na Tahiri alihangaika na spana mbili peke yake.

"Shika hii, mpenzi. Ikienda upande, fremu itapasuka."

Yasmini akashika, kwa hasira. Tahiri akakaza taratibu.

"Simu zangu hupokei. Nimekosa nini?"

"Usinichekeshe! Ijumaa Baba kavaa kanzu, kakaa barazani kutwa akingoja wazee wako na barua ya posa. Hakutokea mtu! Leo saa kumi wanakuja wazee wa yule tajiri wa Tandahimba anayenitaka, na Baba kaapa atawakubalia."

Tahiri aliacha kukaza. "Wazee walikwenda! Walipeleka kwa mjomba wako, Newala."

"Kwa mjomba? Baba yangu ni Mnyaturu wa Singida!"

"Na marehemu mama yako Mmakonde. Kwetu sisi Wayao, na kwao, msichana haposwi kwa baba, anaposwa kwa mjomba. Nilidhani mnajua."

"Mwongo! Mpigie."

Yasmini hakuthubutu kuachia spana. Tahiri akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako ninayo. Namngoja baba yako aje tuongee."

"Baba hajui! Mpigie sasa hivi!"

"Mimi ndiye nimpigie? Yeye kaoa kwetu, yeye ndiye aje."

"Mjomba, saa kumi wananioza kwa mtu mwingine!"

Yasmini akaishika spana kwa nguvu zaidi.

"Haya," mjomba akasema, akakata.

Wakabaki wawili, spana mikononi. Robo mzunguko, wakasubiri. Robo nyingine. Beringi ilizama mpaka mwisho, ikakaa sawa, na simu ya Yasmini ikaita.

"Baba?"

"Kumbe shemeji kaikalia barua siku zote hizi!" Mzee alikuwa anafoka. "Wa Tandahimba nimewaambia wasije. Huyo mwalimu wako, wazee wake wawe hapa kwangu saa kumi. Kanzu sivai mara ya tatu!"

Tahiri alianza kufungua bolti.

"Acha!" Yasmini akapiga kelele. "Baiskeli itangoja. Kawaite wazee wako, kimbia!"

Tahiri akatoka mbio, spana bado mkononi. Yasmini akabaki uani ameikumbatia fremu, dera zima grisi, anacheka huku analia.