Chiriku na Kikaango Kitupu

Bi Mkubwa alikuwa na chiriku mmoja, urithi wa marehemu mumewe. Tundu lake lilining'inia jikoni, karibu na jiko la gesi. Marehemu alikuwa amemfundisha mluzi wa sauti tatu, ule aliokuwa akiupiga kila arudipo nyumbani. Sasa chiriku aliupiga kila asubuhi. Bi Mkubwa alikuwa akifumba macho, akaona mlango ukifunguka na kanzu nyeupe ikiingia pamoja na nuru. Kwa kitambo kidogo, hakuwa mjane.

Siku moja mkaza mwanawe, aliyeishi naye na kushona sare za shule humo nyumbani, alimletea kikaango kipya.

"Mama, hiki hakigandishi chakula. Yai linateleza lenyewe."

"Cheusi hivi! Mbona kama kimeshaungua?" Bi Mkubwa akacheka. "Haya, ahsante, mwanangu."

Alikitumia kama alivyofunzwa na mamaye. Kikaango cha chuma hupashwa moto kitupu mpaka kitoe moshi, ndipo hutiwa mafuta. Alifunga dirisha ili upepo usizime moto. Chiriku akaanza mluzi wake. Bi Mkubwa akaketi, akafumba macho.

Mlango ukafunguka. Kanzu ikaingia. Lakini safari hii nuru ilikuja na harufu chungu, na mluzi ukakatika kwenye sauti ya pili.

Alipofumbua macho, chiriku alikuwa ameanguka chini tunduni, mdomo wazi, akihema.

"Mkaza mwanangu! Njoo! Ndege anakufa!"

Mkaza mwana alizima jiko, akafungua dirisha, akalitoa tundu nje, Bi Mkubwa akimfuata. Jirani yao, bibi mifugo anayetibu kuku na mbuzi wa mtaa, alikuja mbio na fagio lake mkononi.

"Mwacheni penye hewa, msimtikise. Nanyi msirudi ndani kwanza. Mlikuwa mkipika nini?"

"Hatukupika kitu," alisema Bi Mkubwa. "Kikaango kipya kisichogandisha kilikuwa kitupu jikoni."

"Basi chenyewe ndicho kilichokuwa kikiwapika ninyi."

Bi Mkubwa alimgeukia mkaza mwanawe, machozi yakimlenga. "Umeniletea sumu nyumbani?"

"Usimlaumu," alisema bibi mifugo. "Kikaango hiki hakina neno kwa mapishi ya kila siku. Utando wake, ule unaozuia chakula kugandia, huvumilia moto wa kadiri. Lakini kikiachwa kitupu juu ya moto mkali, utando huungua na kutoa hewa yenye sumu. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kudhurika. Hufa kabla mtu hajakohoa. Mtu naye aweza kushikwa na homa na kubanwa kifua."

"Basi nifanyeje?"

"Tia mafuta au chakula kwanza, ndipo uwashe moto wa wastani. Fungua dirisha. Tumia mwiko wa mti, na uoshe kwa sifongo laini, si kwa waya wa kusugulia."

"Nami mwiko wangu wa chuma ninao tangu arusi!"

"Uache upumzike, Bi Mkubwa. Umekula chumvi nyingi."

"Na utando ukibambuka, mtoto akameza?" aliuliza mkaza mwana.

"Kipande kidogo hupita tumboni kikatoka. Ila kikaango kilichobambuka kimemaliza kazi yake, tafuteni kingine. Na ndege asikae jikoni kabisa."

Kwa rehema ya Mungu, chiriku alipona. Lakini alinyamaza kimya. Tundu lilihamishiwa chumba cha kushonea, penye dirisha. Bi Mkubwa alipika kama alivyoelekezwa: mafuta kwanza, moto wa wastani, mwiko wa mti. Mayai yaliteleza vizuri. Asubuhi ndizo zilizokuwa ndefu, maana hapakuwa na mlango uliofunguka.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia mkaza mwanawe. "Kosa lilikuwa langu, nikakutwisha wewe."

"Yamekwisha, Mama."

Siku ya tisa, yai likiwa kikaangoni, cherehani ilisimama ghafla. Sauti ya kwanza ikasikika. Ya pili. Bi Mkubwa akashika mwiko bila kupumua. Ya tatu.

"Mlango u wazi," alinong'ona, kama alivyokuwa akimjibu mumewe.

Alizima jiko kwanza. Kisha akafumba macho.